Ruzuku Inayofuata Watumishi: Fedha za Halmashauri na Mahitaji ya Huduma Tanzania

Halmashauri za Tanzania huendesha huduma kwa mafungu mawili ya fedha: mapato ya ndani na ruzuku ya Serikali Kuu. Fungu la pili ndilo kubwa kwa mbali, kwa kuwa ndilo linalolipa mishahara ya walimu na wauguzi. Huduma zinapopungua, lawama huangukia fungu la kwanza: wakusanyaji ni wazembe, na fedha zilizotozwa kwa mashine za POS hazifiki benki. Uzembe huo upo, na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeutaja mara nyingi. Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika ugawaji, kwani mafungu yote mawili humwendea yule ambaye tayari anacho.

Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 kupitia mpango wa madaraka mikoani, kisha zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, mojawapo ikiwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Sheria hiyo iliziachia halmashauri vyanzo vingi, baadhi yake vikiwa kero tupu. Kodi ya maendeleo, iliyotozwa kwa kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na ni wachache walioililia. Ushuru wa mazao ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kisheria anayelipa ushuru huo ni mnunuzi, ingawa mkulima huuona kwenye bei anayopewa, kwa hiyo punguzo lilikuwa na hoja. Pengo lake lilizikumba zaidi wilaya za vijijini, ambazo hazina stendi kubwa wala maghala ya kutoza ushuru.

Kodi ya majengo ilifaa kuwa nguzo ya halmashauri za mijini, maana nyumba haihamishwi na thamani yake hukua pamoja na mji. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mwaka 2021 ikaunganishwa na ununuzi wa umeme wa LUKU, unaolipiwa kabla ya matumizi, kwa kuanzia shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Ukusanyaji ukawa rahisi kwelikweli. Lakini jijini Dar es Salaam, nyumba isiyo ya ghorofa ya Masaki, mtaa wa wenye nacho, ikalipa sawa na ya Mbagala, kwa watu wa kipato cha chini, na mara nyingi aliyenunua umeme huo ni mpangaji. Halmashauri, inayopima viwanja na kuzoa taka, ikapoteza sababu ya kuthamini majengo yake.

Ruzuku ndiyo iliyotarajiwa kusawazisha tofauti hizo. Mwaka 2004 ilianzishwa fomula ya kugawa ruzuku ya afya: idadi ya watu asilimia 70, na asilimia 10 kwa kila kimoja kati ya umaskini, urefu wa njia za gari la afya la wilaya, na vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano. Kwenye karatasi ilikuwa fomula nzuri. Kwa vitendo, sehemu kubwa ya fedha ni mishahara, na mishahara hufuata watumishi walipo. Muuguzi au mwalimu aliyepangiwa wilaya ya pembezoni akipata uhamisho kwenda mjini, mshahara wake huondoka naye. Wilaya yenye upungufu mkubwa wa watumishi, basi, ndiyo inayopokea kidogo. Athari yake huonekana kwenye maboma, yaani majengo yasiyokamilika: wananchi hujenga kuta kwa nguvu zao, fedha za kuezeka hupatikana baada ya miaka, kisha zahanati hufunguliwa ikiwa na muuguzi mmoja.

Ni kweli kwamba mzigo wa halmashauri umepungua kiasi. Barabara za vijijini na mijini zilikwenda kwa wakala wake, TARURA, mwaka 2017, na maji vijijini kwa wakala wake, RUWASA, mwaka 2019. Elimu na afya ya msingi zimebaki, na hizo ndizo zinazotegemea watumishi kuliko zote.

Kwa hiyo kuongeza malengo ya makusanyo pekee hakutoshi. Fomula ya ruzuku inapaswa kuanza kufanya kazi kwenye vibali vya ajira: kila halmashauri itengewe fedha za mishahara kulingana na mahitaji yake, na nafasi inayoachwa na anayehama ibaki pale ilipo, pamoja na fedha yake, hadi ijazwe.