Mfalme Asiyetoza Hongo

Nchi yetu ya Urambo yaitwa kwa jina la Mtemi Mirambo. Hapo kwanza alitawala Uyowa, nchi ndogo. Kisha kwa bunduki za rugaruga wake akaikuza enzi yake, na mwaka 1871 akapigana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya Ujiji. Vita vilipotulia, misafara ilipita kwa kumtolea hongo, nao wapagazi walichukua mabegani frasila mbili za pembe, mali isiyo yao.

Mwaka 1879 akaja Daktari Ebenezer Southon, wa Chama cha Misioni cha London. Hakuleta jeshi, alitibu wagonjwa na kufundisha. Mwaka 1882 risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya ilimvunja mkono, akafa. Mirambo naye akafa mwaka 1884, na enzi yake ikavunjika upesi. Lakini Injili haikukoma. Mwaka 1898 Wamoravian waliipokea kazi hiyo.

Mbona haikukoma? Kwa kuwa Mfalme wetu hakusimama kwa bunduki. Aliingia Yerusalemu juu ya mwana-punda, akawaosha wanafunzi wake miguu, akajitwika msalaba kama mpagazi. Hakututoza hongo ya njia. Aliilipa yeye mwenyewe.

Basi, walimu na wazee, tuitwao wakubwa kanisani, tuulizane: mizigo yetu tumewatwika nani? Atakaye cheo katika ufalme huu na ainame kwanza, auchukue mzigo wa mwenziwe.