Mnyoo wa plastiki, kutoka Akron hadi Naivasha

Nimepotea kidogo. Kuna mfumo wa malipo niliokuwa nauandika ambao ulikataa kabisa kuisha, na Jumamosi chache nilizobaki nazo nilizimalizia Naivasha badala ya kukaa hapa na kublogu. Kwa hiyo leo hakuna habari za Linux wala za hifadhidata. Leo ni historia ya mnyoo wa plastiki wa kuvulia samaki. Anayetaka msimbo arudi wiki ijayo.

Sababu ya kuandika ni hii: binamu yangu aliyeko Texas alipokuja likizo aliniletea pakiti moja yenye minyoo 12. Wamebaki 4. Hapa Nakuru sijapata duka linalowauza, na kuagiza mtandaoni ni kulipia usafiri kuliko bidhaa yenyewe. Nilipoona wa kwanza amepasuka kichwa baada ya samaki mmoja tu, nilifanya anachofanya mtu wa programu akikuta bagi: nikaanza kuuliza imetoka wapi. Nikajikuta nimerudi hadi mwaka 1926.

Lakini tuanze na samaki. Namzungumzia besi (si ya gitaa), yule mwenye mdomo mkubwa na mstari mweusi ubavuni. Msimtafute Ziwa Nakuru. Sisi wa Section 58 tuna ziwa karibu na nyumbani lakini maji yake ni ya magadi, na samaki wanaojulikana humo tangu zamani ni wale wadogo walioletwa kutoka Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu. Besi yuko Naivasha, mwendo wa matatu kupita Gilgil, kwenye maji baridi yaliyo karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari.

Naye ni mgeni kama mnyoo wake. Nimewahi kuambiwa ufuoni, kwa uhakika mkubwa sana, kwamba aliletwa na Theodore Roosevelt. Roosevelt kweli alifika Naivasha, mwaka 1909, akawinda viboko. Ila alifariki Januari 1919, na besi waliletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Hesabu inakataa. Walioleta samaki huyu walikuwa wakoloni waliotaka mchezo wa kuvua kwa ndoana, baada ya kuwa wametia tilapia mwaka 1925. Kabla ya hapo ziwa zima lilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, kisamaki kidogo cha sentimita chache ambacho wanasayansi hukiita Aplocheilichthys antinorii. Mara ya mwisho kuonekana ni mwaka 1962. Lawama nyingi humwendea besi, ambaye hula chochote kinachotosha mdomoni, na mdomo wake unatosha vitu vingi.

Uvuvi wa nyavu wa kibiashara ulifunguliwa mwaka 1959. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa Louisiana, wa kuuza Ulaya na pia wa kumlisha besi. Besi akafurahi. Kamba nao wakala mimea ya majini, hata ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 sehemu kubwa za yungiyungi na majani ya chini ya maji zilikuwa zimetoweka. Mtu wa programu anaijua hadithi hii: unatia kipande kimoja kumsaidia kingine, na baada ya miaka kumi hakuna anayekumbuka mfumo wa awali ulikuwaje.

Sasa twende Akron, jimbo la Ohio, mji wa viwanda vya matairi. Mwaka 1926 mwanakemia Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich alikuwa anatafuta gundi ya kushikanisha mpira na chuma. Alichukua PVC, ambayo wakati huo ilionekana ni unga usio na kazi, akaipasha moto pamoja na kimiminika kizito, ikatoka kitu kama jeli kinachonyumbuka. Gundi hakupata. Alipata plastiki laini, ile ile iliyofunika nyaya za umeme ukutani kwako.

Mwaka 1949, katika mji huo huo, fundi wa mitambo aitwaye Nick Creme na mkewe Cosma walikuwa jikoni kwao wakipika plastiki ya namna hiyo. Walitengeneza kalibu kutokana na nyungunyungu wa kweli, wakamimina, wakapata mnyoo laini unaotikisika majini. Mwaka 1951 wakaanza kuuza kwa posta, minyoo 5 kwa dola moja. Vyambo vya mpira vilikuwapo tangu zamani, lakini vilikuwa vigumu. Besi akiuma kitu kigumu hutema mara moja. Huyu wa Creme alikuwa laini kiasi kwamba samaki alimshikilia kwa sekunde chache zaidi, na sekunde hizo ndizo mvuvi anazohitaji ili avute.

Na hapo ndipo bagi ilipozaliwa. Mchanganyiko huu, ambao nitauita plastisoli, ni unga wa PVC ndani ya mafuta ya kulainisha. Ukiupasha joto hadi kama nyuzi 175 za Selsiasi unashikana, ukipoa unabaki laini. Ukiongeza mafuta, mnyoo unakuwa laini zaidi na samaki anaupenda zaidi, lakini unapasuka upesi. Ukipunguza, unadumu na samaki anautema. Hakuna namba iliyo sahihi. Tangu 1949 watu wamekuwa wakihangaika na namba hiyo moja.

Minyoo ya kwanza ya Creme iliuzwa ikiwa imefungwa tayari kwenye uzi wenye ndoana kadhaa, shanga, na hata kipanga kidogo cha kuzunguka mbele. Maridadi, lakini ndoana ziko wazi, kwa hiyo zinanasa kila jani. Mambo yalibadilika kampuni ilipohamia Tyler, Texas, karibu na mwaka 1960. Mashariki ya Texas mabwawa mengi yalijengwa kwa kuzamisha misitu, na besi walijificha katikati ya miti iliyokufa ndani ya maji. Ndoana iliyo wazi humo haifiki mita mbili. Wavuvi wa huko wakabuni mtindo ambao dunia nzima huuita wa Texas: unachoma ndoana kwenye ncha ya kichwa cha mnyoo, unaitoa pembeni baada ya kama nusu sentimita, unaivuta hadi tundu lake lizame kichwani, unaigeuza, kisha unairudisha ncha ndani ya mwili. Mbele kuna chubwi lenye umbo la risasi. Hakuna chuma kinachochungulia nje. Mnyoo unapita katikati ya matawi kama nyoka.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, kwa sababu ndiyo Naivasha ya leo. Ziwa lilikuwa limenywea vibaya mwaka 2009, halafu likaanza kupanda, na mwaka 2020 likavamia mashamba na nyumba hadi mtaa wa Kihoto. Migunga iliyokuwa ufuoni ikafia ndani ya maji. Ukienda kwa mashua leo unapita katikati ya miti mikavu, na ongeza mafunjo na magugu maji yanayoelea. Mtindo uliobuniwa kwa ajili ya misitu iliyozama Texas umekuta msitu uliozama Bonde la Ufa.

Tatizo la mtindo huu ni kichwa. Mnyoo mzima unashikiliwa na nusu sentimita ya plastiki laini. Ukirusha, unataka kuteleza chini. Samaki akivuta, unateleza chini. Ukipita kwenye tawi, vivyo hivyo. Tundu linapanuka, na baada ya safari chache mnyoo umejikunja kwenye kona ya ndoana kama soksi iliyolegea. Mwili bado mzima, kichwa ndicho kimekwisha. Watengenezaji wa ndoana walijibu kwa kupinda shingo ya ndoana karibu na tundu ili mnyoo ushikwe kwenye kona hiyo, na wengine wakachonga vijimiba vidogo kwenye mpini wake. Wavuvi wenyewe walikuwa na jibu la bei rahisi zaidi, ambalo mimi naliona bora kuliko yote: chukua kipande cha mshipi mnene wa nailoni, kipitishe kichwani mwa mnyoo ili kipenye tundu la ndoana lililofichwa ndani, kisha kata pande zote mbili. Ni pini. Mnyoo hautelezi tena.

Miaka ya 1990 Gary Yamamoto alileta mnyoo wake uitwao Senko, mnene na mnyoofu kama kalamu ya Bic, uliojazwa chumvi. Chumvi inaupa uzito, kwa hiyo unazama wenyewe bila chubwi huku ukitikisa ncha zote mbili. Besi hawakuweza kuupinga. Lakini chumvi ni chembechembe, na kila chembe ni mahali ambapo plastiki haikushikana. Kwa maneno mengine walichukua kitu dhaifu wakakitia matundu maelfu. Na wengi waliuchoma ndoana katikati ya mwili, pande mbili zikining'inia, mtindo unaovutia kuliko mwingine wowote na unaopasua mnyoo kwa samaki mmoja au wawili. Dawa yake ilikuwa pete ya mpira: unaivisha katikati ya mnyoo na kupitisha ndoana chini ya pete badala ya kwenye nyama. Pete ndiyo inayovutwa.

Pete hizo mafundi wa bomba huziita oringi. Nilinunua kumi kwenye duka la vifaa vya maji kwa bei ya andazi. Lakini pete hukata taratibu, kwa hiyo sasa natumia ule mpira mwembamba unaonywea kwa joto, tunaofunikia viungo vya nyaya. Nakata kipande cha sentimita moja, navisha mnyoo, naacha bila kupasha kabisa (nilipasha mara moja, mnyoo namba 3 apumzike kwa amani). Ndoana inapita kati ya mpira na mnyoo. Kwa ule mtindo wa Texas naongeza tone moja la supaglu kichwani. Iliyochanika naiunga kwa chuma cha kulehemu: unagusa pande mbili hadi zing'ae, unazibana, unasubiri. Fungua dirisha, moshi wake si mzuri. Hivi ndivyo viraka, kwa maana halisi ya neno.

Karne hii imekuja plastiki nyingine kabisa. Kampuni ya Z-Man hutumia aina inayovutika mara nyingi urefu wake bila kukatika, na inaelea. Mmoja wa aina hiyo hudumu msimu. Ila usiuweke kwenye sanduku moja na ule wa PVC, kwani huyeyushana na kuwa uji. Hata plastisoli peke yake ina tabia mbaya: mafuta yake hutoka polepole na kula plastiki ngumu. Mimi niligundua hilo nilipofungua kisanduku cha zamani cha vipuri vya kompyuta nilichoweka minyoo, nikakuta wamezama sakafuni. Waache kwenye pakiti waliyokuja nayo, rangi kwa rangi, mbali na jua la dirishani.

Kuna jambo jingine lililonifanya nihesabu. Wale wanane waliopotea, watatu wako kwenye pipa langu. Watano wako ziwani. Wawili walichukuliwa na matawi, na watatu waliteleza kutoka kwenye ndoana wakati wa kurusha, nikawaona wakizama. PVC haiozi kwa muda wowote unaomhusu mwanadamu, na samaki humeza vipande hivyo. Mwaka 2013 katika jimbo la Maine, Marekani, kulipelekwa muswada bungeni wa kupiga marufuku vyambo laini vya plastiki kwa sababu hiyo; haukupita ulivyoandikwa, lakini wavuvi walishtuka. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, nadhani hakuna aliyemfikiria mnyoo, maana tunaomtumia ni wachache mno. Mimi nilitia plastiki tano katika ziwa ambalo tayari limepoteza samaki wake pekee wa asili kwa ajili ya mchezo huu huu. Wote watano ni kabla sijajua habari ya pini ya nailoni.

Tangu nianze kutumia pini na mpira wa nyaya, sijapoteza hata mmoja kwa kuteleza. Namba 7 ameshashika besi 6, wawili wadogo niliowarudisha majini, mmoja wa kilo moja na ushee aliyeliwa nyumbani kwa ugali. Mkiani ana kiraka cha kulehemu, rangi yake imefifia, na amekuwa mfupi kwa kama sentimita moja kwa sababu kila kichwa kikiisha nakikata na kuanza upya nyuma kidogo. Jumamosi tukipata mashua nitamrusha tena kwenye ile migunga mikavu, upande wa mafunjo, nikiangalia viboko kwanza.