Kufunga Jicho Zima

“Anko, toa hii kitu. Sioni.”

Mtoto wa dadangu ana miaka mitano. Jicho lake la kulia, lile zima, limefunikwa kwa kibandiko. La kushoto limeachwa lihangaike na kitabu cha kupaka rangi. Daktari alisema miwani siku nzima, ili picha ifike jichoni sawasawa, na kibandiko saa mbili kila siku. Kazi yangu ni kuhakikisha habandui.

Kwa kuangalia tu, ni ukatili. Lakini dawa hii ni ya kale. Mwaka 1743, huko Paris, mtaalamu wa viumbe Georges-Louis Leclerc de Buffon aliandika kuhusu makengeza. Aliona kwamba jicho linalopinda huwa dhaifu kuliko mwenzake, akashauri lenye nguvu lifunikwe ili dhaifu lilazimike kufanya kazi.

Sababu yenyewe ilichukua miaka mingine 200. Katika miaka ya 1960, kule Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel walishona kope za jicho moja la watoto wa paka. Walipozifungua baada ya miezi kadhaa, jicho lilikuwa salama, ila seli za ubongo zilikuwa karibu zote zinasikiliza lile lingine. Paka wakubwa hawakupata hasara hiyo. Utafiti wao uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kumbe jicho tunaloliita zembe limesuswa na ubongo, na kususwa huko hutokea utotoni.

Hapo ndipo panaponiuma, maana mimi pia ninalo. Shuleni niliitwa mzembe, nikahamishiwa dawati la mbele, basi. Jicho moja likiona vizuri, nani atashuku la pili? Nililijua nikiwa na miaka 19, nikipimwa macho kwa ajili ya leseni ya udereva. Walipolifunika lile zima, ubao wa herufi ukageuka ukungu.

Zamani watoto walifungwa jicho kutwa. Mwaka 2003, utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kwa watoto chini ya miaka saba wenye tatizo la wastani, saa mbili kwa siku zilisaidia sawa na sita. Mwingine, wa 2005, ulikuta hata baadhi ya wenye miaka 7 hadi 17 wanapata nafuu.

Zimebaki dakika arobaini. Tumeacha kitabu, tunahesabu matatu dirishani.

“Hiyo ni ya rangi gani?”

Anakunja uso, anasogea kwenye kioo. “Ya njano, anko. Na imejaa.”