Easofti: Anayeanza na ayajue haya kabla ya kushika bunduki bandia

Gololi ya plastiki yenye kipenyo cha milimita 6 na uzani wa gramu 0.20, ikitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde, hubeba nishati ya jouli 1. Risasi ya bunduki ya AK-47 hutoka na jouli zipatazo 2,000. Ya kwanza huacha alama nyekundu kwenye ngozi. Ya pili huacha kaburi. Hata hivyo, mtu anayezitazama bunduki hizo kutoka umbali wa mita 50 haoni jouli. Anachoona ni umbo, na umbo ni lile lile.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo yeyote anayetaka kujifunza mchezo wa easofti hana budi kulielewa, na ni sehemu chache za Kenya ambako lina uzito kama kaskazini mwa Kaunti ya Turkana. Kijana wa Lodwar, Kakuma au Kaaleng anayeuona mchezo huu katika simu yake atavutiwa na mbinu zake, mavazi yake na kishindo chake. Video hizo aghalabu hazimwonyeshi maandalizi yanayotangulia mchezo, wala hazimwambii ni wapi hafai kuucheza.

Easofti ni mchezo wa vikosi viwili vinavyowindana kwa bunduki za kuchezea zinazorusha gololi za plastiki. Lengo laweza kuwa kuteka bendera, kulinda ngome au kuwamaliza wapinzani wote. Mchezo huo ulizaliwa Japani katika miaka ya 1970. Sheria ya huko ya mwaka 1958 kuhusu silaha na panga iliwafungia raia wengi mlango wa kumiliki bunduki, na wapenzi wa silaha wakageukia nakala zilizotumia gesi yenye msukumo mdogo. Wepesi wa msukumo huo ndio uliozipa jina la bunduki laini za hewa. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ilitoa bunduki ya kwanza ya aina hiyo inayoendeshwa kwa mota na betri, nakala ya FAMAS ya jeshi la Ufaransa, na tangu hapo mchezo ukavuka mipaka. Nchini Kenya, jamaa yake anayefahamika zaidi ni ule mchezo wa risasi za rangi ambao umechezwa Nairobi kwa miaka mingi. Tofauti yao ni kwamba risasi ya rangi humpaka doa aliyepigwa, ilhali gololi ya easofti haiachi ushahidi wowote kwenye nguo.

Kwa sababu hiyo mchezo mzima husimama juu ya uaminifu. Mwamuzi hawezi kuwa nyuma ya kila kichaka. Aliyepigwa anatakiwa kuinua mkono, kupaza sauti kwamba amepigwa, kujifunika kitambaa chekundu kichwani na kuondoka uwanjani bila kubishana. Akinyamaza na kuendelea kupiga, hakuna chombo kitakachomfichua. Wachezaji wakongwe humvumilia mgeni asiyejua kulenga, asiyejua kujificha, hata aliyesahau betri nyumbani. Asiyekubali kwamba amepigwa hawamwiti tena.

Bunduki zenyewe ni za namna tatu. Ile ya springi huvutwa kwa mkono kila mara kabla ya kufyatuliwa. Ni nafuu, haina mengi ya kuharibika, na yatosha kumfundisha mtu kulenga. Ya umeme ndiyo itumiwayo na wengi uwanjani, kwani hufyatua mfululizo na msukumo wake haubadilikibadiliki. Ya gesi hurudi nyuma kama silaha halisi inapofyatuliwa, jambo linalowapendeza wengi, lakini katika joto la Turkana ina kasoro ambayo muuzaji wa ng'ambo hataitaja. Gesi inayotumika sana ni propani iliyochanganywa na mafuta kidogo. Katika nyuzi 20 za selsiasi shinikizo lake ndani ya mtungi ni takriban baa 8; katika nyuzi 40 hupita baa 13. Bunduki iliyopimwa asubuhi ikaonekana salama yaweza kuvuka kiwango hicho ifikapo saa nane mchana. Ndiyo maana viwanja vinavyojiheshimu huwa na kipima mwendo, kifaa kidogo ambacho kila bunduki hufyatuliwa mbele yake kabla ya mchezo, na mahali penye joto kali upimaji huo hurudiwa mchana. Betri za lithiamu nazo hazipendi joto. Haifai kuziacha ndani ya gari lililoegeshwa juani wala kuzichaji bila mtu wa kuziangalia, maana zikivimba zaweza kushika moto.

Upepo ni adui mwingine. Bonde la Ziwa Turkana lina upepo wenye nguvu kiasi kwamba mitambo 365 ya kuzalisha umeme ilisimamishwa upande wa mashariki wa ziwa, katika Kaunti ya Marsabit. Gololi ya gramu 0.20 hupeperushwa kama kapi. Zile za gramu 0.25 au 0.28 hushika njia vizuri zaidi, hasa zikisaidiwa na kipande cha mpira kilichomo mtutuni, ambacho huipa gololi mzunguko wa kinyumenyume ili ielee kidogo kabla ya kuanguka. Hata hivyo, mtu asitarajie kupiga shabaha kwa uhakika zaidi ya mita 50 au 60.

Kabla ya bunduki lakini, pesa za kwanza zitoke kwa ajili ya macho. Jouli 1 haitoboi shati, lakini yatosha kabisa kupofua jicho. Miwani ya jua haifai. Kioo chake hupasuka na vipande vyake kuwa hatari kuliko gololi yenyewe. Inayotakiwa ni miwani ya kinga iliyopimwa dhidi ya mapigo na kuthibitishwa kwa viwango kama ANSI Z87.1 cha Marekani au EN 166 cha Ulaya, nayo iubane uso kusiwe na upenyo. Barakoa ya wavu wa chuma huwavutia wengi kwa kuwa haipatwi na ukungu wa jasho, ila gololi duni hupasuka juu yake na chembe zikapenya. Meno pia huvunjika, hivyo sehemu ya chini ya uso ifunikwe. Hakuna anayevua miwani akiwa uwanjani kwa sababu yoyote ile, iwe kujifuta jasho au kutafuta kikasha kilichoanguka; ni lazima atoke kwanza hadi eneo salama, ambako vikasha vya gololi vimeondolewa, kila bunduki imefyatuliwa mara moja kuelekea mahali pasipo na mtu, na midomo ya mitutu imefunikwa.

Viatu viwe vigumu. Miti ya mathenge iliyotapakaa Turkana ina miiba inayotoboa magurudumu ya magari, seuze raba za mitumba. Maji ya kunywa yasiwe jambo la kukumbukwa baadaye. Kuhusu gololi zinazotangazwa kuwa huoza zenyewe, zinahitaji unyevu na joto la mboji ili zioze. Zikiachwa kwenye mchanga mkavu zitadumu miaka, na mbuzi hawachagui wanachookota. Mahali pa mchezo panafaa kuwa na sakafu inayofagika.

Suala la sheria lina uzito kuliko hayo yote. Mataifa yaliyouzoea mchezo huu yalijifunza kwa gharama. Japani, baada ya watu kuongeza nguvu za bunduki hizo na kuzitumia kupiga magari barabarani, iliweka kikomo cha jouli 0.98 mwaka 2006. Uingereza ilipitisha sheria mwaka huo huo iliyozuia uuzaji wa nakala zinazofanana na silaha halisi isipokuwa kwa makundi yaliyoruhusiwa, wakiwamo wachezaji wanaotambulika. Asiye mmoja wao huuziwa iliyopakwa rangi kali. Mwaka 2017 ikaongeza viwango vya nguvu: jouli 1.3 kwa inayofyatua mfululizo na 2.5 kwa inayofyatua moja moja. Nchini Marekani ncha ya mtutu sharti iwe ya rangi ya machungwa.

Hata hiyo ncha haitoshi. Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, mvulana wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alikuwa akichezea bastola ya easofti katika bustani ya umma. Ncha ya rangi ilikuwa imeondolewa. Mtu aliyepiga simu kwa polisi alisema kwamba huenda ilikuwa bandia. Maneno hayo hayakuwafikia maafisa waliotumwa. Mmoja wao alimpiga risasi sekunde chache tu baada ya gari lao kusimama, na mtoto huyo akafariki siku iliyofuata.

Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambayo haiishii kwa silaha halisi pekee. Inatambua silaha bandia, yaani kitu chochote chenye sura ya bunduki hata kama hakiwezi kufyatua kitu, na humwadhibu anayekitumia kukwepa kukamatwa au akiwa katika uhalifu. Polisi nchini wamezoea kunasa bastola bandia mikononi mwa wezi, kwa hivyo hawana sababu ya kudhani kwamba aliyebeba mfano wa AK-47 anakwenda kucheza. Anayetaka kuagiza bunduki ya easofti kutoka nje aiandikie kwanza Bodi ya Leseni za Silaha, apate jibu kwa maandishi, ndipo alipe. Tahadhari nyingine huwanasa wengi: mavazi. Wachezaji wa ng'ambo hupenda kombati zenye madoadoa, lakini nchini Kenya raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi au polisi. Fulana za rangi mbili tofauti, moja kwa kila kikosi, zinatosha.

Na sasa Kaaleng. Eneo hilo liko Turkana Kaskazini, jirani na Kaikor na Lokitaung, na zaidi ya hapo ni Pembetatu ya Ilemi, ambako Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini hukutana. Waturkana wa huko wanapakana na Wadassanech, ambao wenyeji huwaita Merille, na pia Wanyangatom na Watoposa. Bunduki imekita mizizi katika maisha ya mpaka huo hata ikaingia katika majina: mwanaanthropolojia Mfaransa Serge Tornay alichapisha mwaka 2001 kitabu kuhusu Wanyangatom ambacho anwani yake, kwa kufasiri jina lao, ni Bunduki za Manjano. Mchungaji hulinda mifugo yake akiwa na silaha. Askari wa akiba hubeba bunduki ya serikali akiwa amejifunga shuka na kuvaa akala, wala hana sare ya kumtofautisha na mvamizi. Operesheni za kukusanya silaha zimepita, ikiwamo ile ya Dumisha Amani iliyoanza mwaka 2005. Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za kaunti sita, Turkana ikiwa mojawapo, kuwa maeneo ya vurugu na kuwapa wananchi siku tatu kusalimisha silaha haramu. Miaka miwili baadaye, Februari 2025, wavuvi wa Kiturkana walishambuliwa kwa risasi karibu na Todonyang.

Katika mazingira hayo, vijana kumi wanaonyemelea kando ya laga wakiwa na mifano ya AK-47 hawawezi kuonekana kama wachezaji. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu atakayeshtuka ana risasi za kweli. Isitoshe, mvamizi halisi akiwaona hatangoja kuuliza. Bango halisaidii, na ncha ya rangi ya machungwa haionekani jioni. Kwa hiyo mchezo wa vikosi porini usichezwe Kaaleng hata kidogo, wala Kibish, wala popote penye njia za mifugo, hata chifu akiwa ameutoa ruhusa. Chifu aweza kukiarifu kijiji chake. Hana namna ya kuwaarifu walio ng'ambo ya mpaka.

Kakuma ina sababu yake. Kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 imewapokea watu waliokimbia vita vya Sudan Kusini, Somalia, Kongo na kwingineko. Mtoto aliyeona nyumba yake ikivamiwa hapaswi kuona mfano wa uvamizi huo ukifanywa burudani nje ya uzio wake.

Linalowezekana ni kulenga shabaha. Kwa kijana wa Kaaleng, bunduki ya springi yenye rangi ya buluu au kijani kibichi, makopo sita juu ya benchi, ukuta nyuma yake na uzio wa shule pande zote vyatosha kumfundisha kupumua, kulenga na kufyatua. Mwalimu awepo, miwani ivaliwe na kila aliye ndani, watazamaji wakiwamo. Mchezo wa vikosi ungoje Lodwar, ndani ya jengo lenye kuta na mlango mmoja, wakati wa mchana, baada ya mkuu wa kituo cha polisi kuarifiwa kwa barua inayotaja tarehe, saa, idadi ya wachezaji na idadi ya bunduki. Barua hiyo iandikwe kila mara, hata mchezo ukiwa wa kila wiki, kwa kuwa maafisa huhamishwa.

Safari ya kwenda na kurudi nayo ina kanuni zake. Bunduki isafiri ndani ya mkoba uliofungwa, betri ikiwa imetolewa na kikasha kikiwa kando. Kwenye kizuizi cha polisi, mwenye mkoba aseme kilichomo kabla ya kuulizwa, mikono yake ikionekana, na aachie afisa aufungue mwenyewe.