Siku Iliyotangazwa: Maandamano ya Kisiasa na Mwendo wa Watu kati ya Upanga na Kariakoo, 1966–2025

Utangulizi

Historia ya maandamano katika jiji la Dar es Salaam imeandikwa zaidi kwa kuwafuata waandamanaji: madai yao, viongozi wao, na namna dola ilivyowajibu. Insha hii inachukua mwelekeo mwingine. Inamfuata mtu ambaye hakukusudia kuandamana wala kuzuia maandamano, bali alihitaji kuvuka jiji siku hiyo. Mtu huyo ni muuguzi anayeingia zamu Muhimbili, kuli wa Kariakoo anayelipwa kwa mzigo, mgonjwa mwenye tarehe ya kliniki, au mwanafunzi aliyepanda daladala. Hoja kuu ni kwamba, katika miongo sita iliyopita, kinachosimamisha mwendo wa jiji kimehama kutoka kwenye maandamano yenyewe na kwenda kwenye tangazo lake. Mwaka 1966 msafara ulitembea kwanza, adhabu ikafuata. Kufikia mwaka 2025, jiji lilifungwa kabla ya mtu yeyote kuinua bango.

Eneo la uchunguzi ni Upanga pamoja na Kariakoo iliyo jirani yake. Uteuzi huu una sababu. Upanga imekaa kati ya soko kubwa kuliko yote nchini, hospitali ya taifa ya rufaa, na ofisi za serikali zilizo upande wa bandari. Anayetoka magharibi kwenda Ikulu, na anayetoka Kinondoni kwenda hospitali, wote hupita pembeni mwake au katikati yake.

Mji uliojengwa kwa kutenganisha

Ugumu wa kuvuka eneo hili siku ya mvutano wa kisiasa una chimbuko la kikoloni. Utawala wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza, uliugawa mji kwa kanda za ujenzi ambazo kwa vitendo zilikuwa kanda za rangi: Uzunguni, Uhindini na makazi ya Waafrika. Kariakoo, ambayo jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ilitengwa na Uhindini kwa uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Upanga nayo ilijengwa zaidi katika miaka ya 1950 kama makazi ya familia za Kiasia. Aidha, kanuni za mji za wakati huo zilimtaka Mwafrika awe na kibali ili atembee usiku.

Mpango huo uliacha milango michache. Kutoka magharibi, Barabara ya Morogoro hushuka bonde la Jangwani na kupanda kuelekea Faya, mahali inapokutana na Barabara ya Umoja wa Mataifa. Kutoka kaskazini, kwa muda mrefu njia kuu ilikuwa Daraja la Selander, hadi Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022. Wenyeji wanajua kwamba mvua kubwa ikijaza Jangwani, nusu ya jiji hukosa njia ya kuingia mjini. Anayetaka kuzuia msafara wa kisiasa hana haja ya kulinda kila mtaa, kwa kuwa magari machache ya askari yakiwekwa Jangwani, Faya na Selander yanatosha. Hata hivyo, milango hiyo haichagui. Kizuizi kilichowekwa kwa ajili ya mwandamanaji ndicho hicho kinachomkuta mama mjamzito aliye ndani ya bajaji.

Si ajabu, basi, kwamba uwanja uliokusudiwa kutenganisha uligeuka kuwa mahali pa kukutana. TANU, iliyoasisiwa Julai 7, 1954 hatua chache kutoka hapo, ilifanya mikutano yake Mnazi Mmoja na Jangwani. Watu walifika kwa miguu kutoka Kariakoo na Ilala. Umbali mfupi ulikuwa sehemu ya nguvu ya chama hicho.

Kutoka Mlimani: 1966 na 1978

Maandamano mawili ya wanafunzi wa chuo kikuu yanaonyesha utaratibu wa awali. Jumamosi, Oktoba 22, 1966, wanafunzi walipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hususan sharti la kupokea asilimia 40 tu ya mshahara katika kipindi cha utumishi huo. Walifika hadi Ikulu na Rais Julius Nyerere akawasikiliza. Kisha akawafukuza zaidi ya 300 kati yao, wakarudishwa makwao. Wakati huohuo alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Jambo linalohusu insha hii ni kwamba msafara ulimaliza safari yake. Adhabu iliwaangukia walioandamana, nayo ilikuja baadaye.

Jumapili, Machi 5, 1978, wanafunzi waliandamana tena, safari hii dhidi ya nyongeza za maslahi ya viongozi. Mara hii walizuiwa na Kikosi cha Kutuliza Ghasia, na wengi wakafukuzwa chuoni. Tofauti kati ya miaka hiyo miwili ni ya msingi, kwani uwanja wa mapambano ulikuwa umetoka mwisho wa safari na kuhamia njiani. Hata hivyo, matukio yote mawili yaliangukia mwishoni mwa wiki, na yalihusu kundi linalotambulika kwa urahisi. Mkazi wa Upanga aliyekuwa akienda sokoni hakuhesabiwa kuwa mshukiwa.

Kibali, taarifa na zuio

Kurejea kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 kulileta swali la kisheria. Katiba ya mwaka 1977, baada ya kuingizwa Haki za Binadamu mwaka 1984, inalinda uhuru wa mtu kwenda atakako katika ibara ya 17, na uhuru wa kukutana na kushirikiana na wengine katika ibara ya 20. Katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu, lililoamuliwa mwaka 1994 na Mahakama Kuu, Jaji Kahwa Lugakingira aliona kwamba kulazimisha wananchi kuomba kibali cha polisi ili waandamane kunakiuka ibara ya 20. Utaratibu ukabadilika kutoka kibali kwenda taarifa, inayotolewa kwa polisi saa 48 kabla, nao wakabaki na uwezo wa kuzuia kwa sababu za usalama.

Badiliko hilo lilikuwa na tokeo ambalo halijazingatiwa vya kutosha. Taarifa ni tangazo. Chama kinapotaja siku, saa na njia, na polisi wanapojibu kwa kuzuia hadharani, mvutano huhamia kwenye redio, magazeti na simu za wananchi siku nyingi kabla. Kila mwenye daladala, kila mwenye duka na kila mzazi hufanya hesabu yake. Siku inapowadia, sehemu kubwa ya uamuzi wa nani atatembea huwa imekwisha kufanyika majumbani.

Siku zilizotangazwa

Mifano ya karne hii inathibitisha jambo hilo. Ijumaa, Oktoba 19, 2012, kufuatia kukamatwa kwa Sheikh Ponda Issa Ponda, polisi na wanajeshi walisambazwa Kariakoo. Maduka yalifungwa na mabomu ya machozi yakatumika kuwatawanya waliotaka kuandamana baada ya sala. Mwaka 2016 CHADEMA ilitangaza maandamano ya UKUTA kwa siku ya Septemba 1, ambayo pia ni siku ya kuanzishwa kwa Jeshi la Wananchi. Baada ya majuma kadhaa ya zuio na doria, viongozi waliahirisha mkesha wa siku yenyewe. Aprili 26, 2018, Sikukuu ya Muungano, maandamano yaliyohamasishwa mitandaoni hayakupata watu wengi, lakini askari walijaa mitaani tangu alfajiri. Katika matukio haya mawili ya mwisho, safari za wengi ziliahirishwa kwa sababu ya msafara ambao haukuonekana.

Wakati mwingine aliyekuwa safarini tu ndiye aliyelipa gharama kubwa kuliko wote. Februari 16, 2018, huko Kinondoni, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA, risasi ilimuua mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji akiwa ndani ya daladala. Hakuwa mwandamanaji. Kifo hicho kilibadilisha hesabu ya abiria wa kawaida, kwa maana kilithibitisha kuwa kukaa mbali na siasa si kinga kwa mtu aliye barabarani.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwa hoja ya insha hii ni Januari 24, 2024. Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuondoa zuio la mikutano ya hadhara Januari 3, 2023, CHADEMA iliitisha maandamano kupinga miswada ya sheria za uchaguzi na ugumu wa maisha. Mkuu wa Mkoa alikuwa ametangaza kuwa askari wangefanya usafi wa jiji siku hizohizo, na wasiwasi ukaenea. Hata hivyo, polisi waliruhusu msafara na kuusindikiza, nao ukaisha kwa amani. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, siku ya kazi. Miezi minane baadaye, Jumatatu, Septemba 23, 2024, chama hichohicho kiliitisha maandamano dhidi ya utekaji na mauaji. Polisi walipiga marufuku, wakatanda barabarani, na kuwakamata viongozi, akiwemo Freeman Mbowe na Tundu Lissu. Ukilinganisha siku hizo mbili, jiji ni lile lile na chama ni kile kile. Kilichotofautiana ni ruhusa. Msafara ulioruhusiwa ulichukua njia zinazojulikana kwa saa zinazojulikana, na aliyetaka kuukwepa aliweza. Msafara uliozuiwa ulikuwa kila mahali kwa sababu haukuwa mahali popote.

Kariakoo ina sarufi yake ya kupinga, nayo inasaidia kuielewa hali hii. Mei 15, 2023, wafanyabiashara walipochoshwa na namna kodi ilivyokusanywa, hawakuandamana, bali walifunga maduka. Kwa siku chache soko lilinyamaza, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipokutana nao Mnazi Mmoja. Ukimya wa soko, basi, unaweza kuwa kauli.

Oktoba na Desemba 2025

Jumatano, Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, maandamano yaligeuka kuwa makabiliano. Intaneti ilizimwa, na amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni ikatangazwa kwa Dar es Salaam. Watu waliuawa; ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitaja mamia. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Vituo vya mabasi ya mwendokasi katika Barabara ya Morogoro viliharibiwa na huduma ikasimama.

Hapa historia ya vyombo vya usafiri inakutana na historia ya siasa. Daladala zilizohalalishwa mwaka 1983 ni mali ya watu wengi: huyu akiogopa kuvunjiwa kioo, yule huthubutu. Mwendokasi, ulioanza mwaka 2016 kwa njia kuu kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye tawi la Kariakoo, unategemea njia zake maalumu. Ukikatwa sehemu moja, wote hukosa usafiri kwa pamoja. Bila intaneti, nauli na fedha za kielektroniki nazo hukwama, na habari ya njia ipi ni salama hupita kwa mdomo.

Kwa Desemba 9, Siku ya Uhuru, maandamano mapya yalitangazwa. Serikali ilifuta sherehe na kuelekeza fedha zake kwenye ukarabati wa miundombinu, polisi wakayatangaza kuwa haramu, na Waziri Mkuu Mwigulu Nchemba akawashauri wananchi kubaki nyumbani isipokuwa wenye majukumu ya lazima. Barabara zilikuwa tupu, zikiwa na askari wa doria. Siku ya kuadhimisha uhuru wa nchi ilipita bila watu njiani.

Ushauri wa kubaki nyumbani unachukulia kwamba nyumba inajitosheleza. Kwa kaya yenye akiba, hilo ni usumbufu wa siku moja. Kwa kuli, mama lishe na machinga, ambao chakula cha jioni hutegemea mauzo ya asubuhi, ni mshahara uliopotea bila kesi wala fidia. Muuguzi ana ruhusa ya kutoka, lakini ruhusa si usafiri, na kitambulisho cha kazi hakiwezi kumbeba kutoka Kimara hadi Muhimbili.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kati ya mwaka 1966 na 2025 mzigo wa maandamano ulihama kutoka kwa waandamanaji na kuwaangukia wakazi wote. Hoja ya mara kwa mara ya mamlaka ni kwamba maandamano huzuia shughuli za wengine, yaani kwamba ibara ya 20 inahatarisha ibara ya 17. Ulinganisho wa mwaka 2024 hauungi mkono hoja hiyo. Ibara hizo mbili zilisimama pamoja Januari, na ziliporomoka pamoja Septemba.

Kwa watafiti, linabaki suala la ushahidi. Barabara tupu ni chanzo kigumu kusoma: yaweza kuwa hofu, yaweza kuwa ridhaa, na kwa mujibu wa Kariakoo ya mwaka 2023, yaweza kuwa kauli. Mwanahistoria atakayetegemea picha za misafara tu ataziona siku hizi kama siku ambazo hakuna kilichotokea. Inapendekezwa kwamba daftari za mapokezi za hospitali, mauzo ya tiketi na makusanyo ya ushuru wa soko zisomwe sambamba na matamko ya vyama na polisi. Humo ndimo watakamopatikana watu waliokuwa na safari siku hiyo, na ambao hawakufika.