Mzee na Bunduki ya Kujihami Nyumbani

Wazee wanaoishi peke yao, watoto wako Dar es Salaam au Muscat, hutuuliza: yajuzu kuweka bunduki ya kujihami na wezi?

Asili yake yajuzu. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi. Lakini wanavyuoni wa Shafi, akiwemo Imam Nawawi katika Minhaj, wameweka daraja: mvamizi huzuiwa kwa lililo jepesi kwanza. Akizuilika kwa ukelele hapigwi. Akizuilika kwa mkono haitumiki fimbo. Aliyekwisha kukimbia hapigwi risasi, hata akiwa na televisheni yako begani. Tena kutetea mali ni ruhusa, si wajibu.

Bunduki haina daraja la chini. Na mzee mwenye mtoto wa jicho, saa nane za usiku, umeme umekatika, atampambanuaje mwizi na mjukuu aliyechelewa kurudi? Akiua kwa kukosea, Suratun-Nisaa aya ya 92 inataka diya kwa jamaa wa marehemu, na kafara. Kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru, nani anaye leo, ni kufunga miezi miwili mfululizo.

Kuimiliki bila leseni nako ni kosa la jinai Tanzania.

Sisi tunaona asiyeona vyema, au asiye na pa kuifungia mbali na watoto, asiiweke. Aanze na komeo madhubuti, taa barazani, na kijana wa ukoo alale naye. Wallahu a'lam.