Faksi za kielektroniki katika ofisi ya daktari

Usimamizi wa kielektroniki wa faksi zinazoingia ni utaratibu ambao ofisi ya daktari hupokea faksi (nukushi) moja kwa moja kwenye kompyuta, bila mashine ya karatasi, kisha makarani huzikagua, huzipa majina na kuzihifadhi katika faili la mgonjwa anayehusika. Utaratibu huu umeenea zaidi Marekani na Kanada, nchi ambazo pamoja na utajiri wao wa kompyuta bado hupelekeana kwa faksi matokeo ya maabara, barua za rufaa, maombi ya dawa kutoka kwa wafamasia na karatasi za idhini za kampuni za bima.

Chimbuko

Kupeleka picha ya maandishi kwa waya ni jambo kongwe kuliko simu yenyewe. Alexander Bain, fundi saa wa Scotland, alipata hataza yake mwaka 1843, miaka 33 kabla ya ile ya simu ya Alexander Graham Bell. Mwaka 1865 kasisi wa Italia, Giovanni Caselli, alianzisha huduma ya namna hiyo kati ya Paris na Lyon. Kampuni ya Xerox ilitoa mashine ya kuwekwa mezani mwaka 1966, lakini kilichoifikisha faksi katika kila ofisi ni kanuni za kimataifa za Kundi la 3, zilizopitishwa mwaka 1980. Kwa kanuni hizo mashine ya kampuni yoyote iliweza kuelewana na ya kampuni nyingine na kupeleka ukurasa kwa muda usiozidi dakika moja.

Kanuni hizo zingali zikitumika hata pale ambapo mashine yenyewe haipo tena. Kompyuta inayopokea huitikia simu kwa mlio wa hertzi 2,100, pande mbili hupatana kasi, halafu ukurasa hupita mstari kwa mstari, kila mstari ukiwa na nukta 1,728, nyeusi au nyeupe tu. Kila ukurasa ukiisha, mpokeaji hurudisha ishara kwamba umefika. Kutokana na ishara hiyo mtumaji hupata karatasi ya uthibitisho, ambayo hospitali huitunza kama stakabadhi. Kwa kweli inathibitisha kwamba upande wa pili umepokea, si kwamba kuna mtu aliyesoma.

Kadi za faksi za kuchomekwa ndani ya kompyuta zilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1980. Baadaye zikaja programu za seva, mojawapo ikiwa HylaFAX, iliyoandikwa na Sam Leffler na kutolewa bure. Huduma za kuletewa faksi kwa barua pepe zilianza katikati ya miaka ya 1990. Ofisi zilipohamia simu za intaneti matatizo yalianza, kwa kuwa simu hizo huibana sauti ili kuokoa nafasi na milio ya faksi huharibika njiani. Kanuni ya T.38 ya mwaka 1998 iliwekwa kutibu hali hiyo. Hata hivyo, ofisi nyingi ndogo ziliona nafuu kuihamishia namba yao kwa kampuni ya huduma na kupokea hati kama PDF.

Sheria

Sheria ya Marekani ya HIPAA ya mwaka 1996, ambayo masharti yake ya faragha yalianza kuwabana watoa huduma wengi wa afya Aprili 2003, haikuipiga faksi marufuku. Zaidi ya hapo, kanuni zake hazihesabu faksi ya karatasi kwa karatasi kuwa usafirishaji wa kielektroniki, mradi taarifa haikuwa ndani ya kompyuta kabla tu ya kutumwa. Barua pepe haikupata upendeleo huo. Wanasheria wa hospitali waliiona faksi kuwa kimbilio salama, na tabia hiyo ikaota mizizi.

Faksi inayohifadhiwa kwenye kompyuta ina masharti mengine. Kampuni inayoipokea na kuihifadhi kwa niaba ya daktari hutakiwa kusaini mkataba wa kulinda taarifa za wagonjwa, na lazima ijulikane nani amefungua hati gani na lini. Adhabu si za mzaha. Mwaka 2017 hospitali moja ya New York ilikubali kulipa dola 387,200 baada ya taarifa za mgonjwa, zikiwemo za hali yake ya VVU, kufaksiwa kwa mwajiri wake.

Kazi ya karani

Faksi ikiingia hukaa kwenye foleni ikiwa na tarehe, saa na namba ya mtumaji. Namba hiyo si ya kutegemewa sana, maana hospitali kubwa hutuma kutoka idara nyingi huku ikionekana namba moja tu ya mapokezi.

Chukua faksi ya kurasa 14 kutoka maabara. Ukurasa wa kwanza ni jalada lenye onyo la usiri. Kurasa mbili zimeingia kichwa chini. Kuanzia wa sita hadi wa tisa ni matokeo ya mgonjwa mwingine mwenye jina la ukoo lilelile, na wa mwisho ni mweupe kwa sababu mtumaji aliigeuza karatasi vibaya. Karani huigawa hati vipande viwili, huzigeuza zilizopinduka, huufuta ule mtupu, kisha humtafuta kila mgonjwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Jina peke yake halitoshi. Halafu huchagua aina ya hati (matokeo, rufaa, dawa au bima) na kuielekeza kwa daktari aliyeagiza kipimo.

Hatua ya mwisho ndiyo yenye hatari kubwa. Matokeo yakiwekwa kwenye faili kabla daktari hajayaona na kuyasaini, yanakaa humo kimya, na mgonjwa anadhani hajaitwa kwa kuwa hana tatizo. Kwenye mfumo uliotengenezwa vizuri, matokeo hayaondoki kwenye orodha ya daktari mpaka ayakiri mwenyewe. Mifumo dhaifu huyaweka mahali pamoja na barua za bima.

Programu za kusoma maandishi zimepunguza uchapaji, lakini kwa faksi ya kawaida, yenye mistari takriban 98 tu kwa kila inchi, 3 hufanana na 8, na nukta ya desimali kwenye dozi huweza kufifia. Chembe ya uchafu kwenye kioo cha skana nayo huweza kuonekana kama nukta. Ndiyo maana ofisi makini huiacha programu ipendekeze na mtu aamue.

Matangazo ya biashara, yaliyozuiwa Marekani kwa sheria ya mwaka 1991 pale yanapotumwa bila idhini, nayo huendelea kuingia kwenye foleni hiyohiyo.

Juhudi za kuiondoa

Nchini Uingereza, uchunguzi wa chuo cha madaktari wa upasuaji ulikuta zaidi ya mashine 8,000 za faksi katika hospitali za umma za England mwaka 2018. Desemba mwaka huohuo waziri wa afya Matt Hancock alipiga marufuku ununuzi wa mashine mpya kuanzia Januari 2019 na kutaka zilizopo ziondolewe kufikia 31 Machi 2020. Nchini Marekani Seema Verma, aliyesimamia bima za afya za serikali, alitaka Agosti 2018 ofisi za madaktari ziachane na faksi kufikia 2020. Haikuwa. Mwaka huo wa UVIKO-19 idara ya afya ya kaunti ya Harris, Texas, ilipokea matokeo ya vipimo kwa faksi kwa mamia ya kurasa, mengine yakimwagika sakafuni. Jimbo la Ontario, Kanada, lilitangaza mwaka 2023 kuiondoa faksi katika huduma za afya ndani ya miaka mitano.

Afrika Mashariki

Katika eneo hili nukushi ilitumika zaidi maofisini kuliko katika vituo vya afya, na namba zake bado zimo kwenye vichwa vya barua vya taasisi nyingi. Takwimu za vituo hivyo Kenya na Tanzania hazitegemei faksi, bali hupitia mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2.